Mama Turubai wa Duka la Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyabiashara mliofika, poleni na msiba. Jina kamili la marehemu mnalo kwenye jalada la ratiba, chini ya picha ambayo yeye mwenyewe hakuipenda. Mimi nitamwita Mama Turubai, kwa kuwa hata benki walimwita hivyo. Mimi ni wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Watoto wake wameniomba nisome kwa sababu wao watalia. Na mimi nitalia, ila mimi nikilia bado nasema.

Ratiba hizo zimechapwa kwa hisani ya Chama cha Wafanyabiashara wa mtaa wetu, na maji ya chupa mliyogawiwa mlangoni ni yao pia. Tunashukuru. Chupa hizo msizitupe kwanza, tutazirudia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, mtoto wa pili na binti wa kwanza. Duka lilikuwa la mwisho katika mtaa unaoanzia geti la bandari. Baba mkwe wangu, ambaye wote walimwita Mzee Kamba, aliuza kamba za meli, maturubai, ndoo na taa za chemli. Mkunga aliyemzalisha alisema mtoto alitoka akinusa, na Mzee Kamba akajibu kwamba basi huyo ni wa dukani, kwa maana pale ndani harufu ya lami ya kamba ilikuwa haimwachi mtu. Alikulia chini ya meza ya kukatia turubai. Mama yake alipomtafuta, aliangalia kwanza chini ya mabunda.

Ili mwelewe maisha yake inabidi nieleze jambo moja la mtaa ule, kwa kuwa vijana wengi hapa wamekuta limekufa. Zamani wenye maduka walikuwa wanagombana kila asubuhi. Huyu anafagia, takataka anazisukuma kwa yule, yule anazirudisha, mpaka meli inafunga gati wao bado wanatukanana. Mzee Kamba akawaita akawaambia: kuanzia kesho hakuna atakayefagia mlango wake. Kila mtu amfagilie jirani wa upande wa juu, yule aliye mbali zaidi na geti. Ukitaka mlango wako uwe safi, ishi vizuri na jirani wa upande wa chini. Walicheka, wakajaribu, na mtaa ukawa safi kuliko ofisi za bandari. Mwenye duka la kwanza alifagiliwa na askari wa getini, kwa kuwa askari walikunywa chai kwake. Mwenye duka la mwisho, yaani Mzee Kamba mwenyewe, hakuwa na jirani upande wa juu. Upande wa juu kulikuwa na kiwanja kitupu chenye ukuta, na nyuma ya ukuta ule wapagazi wa bandarini walikuwa wanajisaidia. Kwa hiyo yeye alifagia kiwanja hicho. Alipokufa, fagio likawa la binti yake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na maghala, ambako mwalimu alilazimika kunyamaza kila honi ya meli ilipolia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971 akiwa wa pili darasani. Alichaguliwa kuendelea na sekondari. Kaka yake alikuwa tayari yuko sekondari, na Mzee Kamba alisema dukani panahitaji mikono. Huyo kaka ni mume wangu, amekaa pale mbele, na habari hii anaijua. Amekaa nayo kimya miaka hii yote, na leo pia simtaki aseme kitu. Marehemu mwenyewe hakuwahi kumlaumu. Alisema tu kwamba mwenzake alipelekwa kusoma ramani ya dunia, na yeye akabaki kuifunika dunia isilowe.

Kazini hakuwa na mzaha. Alishona maturubai ya kufunikia shehena, hema za harusi, vifuniko vya malori, hata mifuko ya kubebea maiti bandarini ilipotokea ile ajali ya boti. Enzi zile mtaa ulikuwa mtaa. Kulikuwa na muuza vyuma, muuza rangi, fundi wa saa za meli, mshona sare, mama wa chai, na mabaharia walioingia kununua kitu kimoja wakatoka na vitano. Wenye maduka walikutana kila mwezi juu ya duka la rangi, wakichanga kwa ajili ya mtaa wao. Hawakungoja halmashauri. Taa za barabarani walizisimamisha wenyewe. Mfereji wa maji ya mvua waliuchimba wenyewe, mfanyabiashara mzima na tumbo lake akiwa ndani ya shimo na sururu.

Mwaka 1983 wakaamua kujenga kile kiwanja. Waliweka bomba la maji, banda lenye mabenchi la wapagazi kupumzikia, na choo. Mchoro uliletwa kikaoni, na choo kilikuwa cha wanaume peke yao. Mwenyekiti wa wakati huo, mzee wa watu, alieleza kwamba wanawake mtaani ni wachache na hawakai sana. Marehemu alikuwa amebeba mimba ya kitinda mimba wake. Alisimama akauliza, "Samahani wazee, mimi na mama wa chai tukibanwa, tujisaidie kwenye ndoo ninazouza, au nazo mtazinunua baada ya hapo?"

Kikao kilikufa kwa kicheko. Muuza vyuma alitoa mabati ya upande wa pili, muuza rangi akatoa rangi, na mlango wa wanawake ukatangulia kukamilika. Kuanzia siku hiyo jirani wa marehemu hakuwa kiwanja kitupu tena. Jirani yake alikuwa bomba, banda na choo. Alivifagia, akavisugua kwa dawa, akakaripia watu wazima waliosahau kumwaga maji. Hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyemwambia aache. Kuli mwenye mwili kama kabati alimwogopa yeye kuliko msimamizi wake.

Ndoa aliipata hapo hapo. Mume wake alikuwa mwendesha winchi bandarini, na huko juu alikokaa alikuwa anauona uwanja wote. Akimaliza zamu alikuja kukaa bandani kula chungwa, na maganda aliyatupa chini. Marehemu alimfokea. Kesho yake akaja na machungwa mawili. Siku alipokuja na fungu zima, marehemu alimwekea fagio mapajani akamwambia, "Kaka, kama umekuja kuchafua, fagia. Kama umekuja kwa sababu nyingine, sema, nina kazi." Akafagia kwanza, ndipo akasema. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, kabla bomba wala choo havijajengwa, banda lenyewe likiwa bado ni kipande cha turubai alichokitundika marehemu juu ya magogo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji, tunajua kwamba hujala chungwa tangu wiki iliyopita. Kula, atakufokea usipokula.

Sasa naingia mahali pagumu.

Duka la chini yake, yaani la jirani aliyepaswa kumfagilia, lilichukuliwa miaka ya tisini na kijana mmoja wakala wa forodha. Alianza na meza moja na kiti cha kuazima. Alikuwa na adabu. Kila asubuhi alikuwa akimfagilia marehemu mlango mpaka chini ya ngazi, akimsalimia, "Shikamoo mama, leo nimekuta msumari hapa, ungekuchoma." Marehemu alimpenda. Alimpa turubai la kuzuia jua bila kumwandikia. Alipomwoa mke wake, hema la harusi lilitoka dukani kwetu.

Halafu makontena yakaja. Meli zikawa kubwa na mabaharia wakawa wachache, wanashuka na kupanda bila kununua hata kibiriti. Fundi wa saa alifunga. Muuza rangi alifunga. Wapagazi walipunguzwa. Waliotajirika ni mawakala wa forodha, na yule kijana akawa wa kwanza. Alipata gari, akaacha kufagia mwenyewe akamtuma mfanyakazi, kisha mfanyakazi akaacha, na marehemu alisema, "Ana mambo mengi, mwacheni." Akawa mwenyekiti wa Chama. Marehemu ndiye aliyempendekeza.

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa ambalo mtu wa mtaa mwingine asingelifanya. Sisi tulilelewa kwamba mtu anayekufagilia mlango humwulizi maswali. Huwezi kumpa mtu mlango wako kila asubuhi halafu umshuku mchana. Kwa hiyo mwenyekiti aliposimama kikaoni mwaka 2017 akaomba ufunguo wa uwanja, ule ambao marehemu alifungia bomba na vyoo usiku, akisema Chama kitaukarabati na kuuwekea mlinzi, marehemu alichomoa ufunguo kwenye kitenge chake akampa papo hapo. Wengine walisita. Yeye aliwaambia, "Huyu ni jirani yangu." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hata hivyo mtu hawezi kutembea uchi.

Ukarabati ulikuja. Lilikuja geti la chuma, na ndani ya geti yakaja malori ya mwenyekiti. Mabenchi yalitolewa kwa kuwa yalizuia malori kugeuka. Bomba lilibaki, la kuoshea magari. Choo cha wanaume kikawa chumba cha mlinzi. Choo cha wanawake kikafungwa kwa kufuli, na tukaambiwa ni cha wanachama wa Chama tu, kwa ajili ya usafi. Usafi! Aliyekisafisha zaidi ya miaka thelathini alikuwa amesimama pale anaambiwa habari za usafi.

Wenye ratiba mkononi, hapa fuateni mdomo wangu, kwa sababu aya inayofuata haimo humo. Humo mtaona imeandikwa, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi." Katibu wa Chama alikuja nyumbani juzi na karatasi za kusahihisha, kijana mpole, akaniambia, "Mama, hii sehemu ya ugonjwa tumeifupisha kidogo. Msibani si mahali pa siasa."

Nikamwuliza, "Mwanangu, na choo nacho ni siasa?"

Akasema, "Mama, unajua mwenyekiti ndiye anayegharimia uchapaji."

Nikamwambia, "Basi achape anayoyataka. Mimi nitasoma ninayoyajua."

Marehemu hakuugua kwa muda mfupi. Choo kilipofungwa, wanaume wa mtaa hawakupata shida, ukuta upo na magurudumu ya malori yapo. Wanawake walibaki na kile cha ndani ya bandari, ambacho kinataka kibali, na kile cha hoteli ya mtaa wa pili, ambacho kinataka ununue kwanza. Kwa hiyo wakajifunza kutokunywa maji. Mama wa chai, anayeuza chai kutwa nzima, hanywi chai. Mwuza vocha anakula mkate mkavu. Binti wa duka la vipuri anasubiri afike kwao jioni. Hakuna aliyewafundisha, na hawajawahi kukaa wakalizungumza. Mkipita mtaani jua likiwa kali angalieni midomo yao.

Na marehemu alifanya hivyo hivyo. Shemeji alimjazia chupa kila asubuhi, na kila jioni chupa ilirudi imejaa. Alidhani mkewe amemkasirikia. Kumbe mwenzake alikuwa analowesha midomo tu. Akaanza kuumwa kiuno, mkojo ukawa unamchoma, akitibiwa anapona, akirudi dukani unaanza tena, mara nyingine na homa. Mwaka juzi miguu ikavimba. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari, binti mdogo tu, alimwuliza, "Bibi, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Jioni nikifika nyumbani nakunywa."

"Na mchana?"

"Mchana niko kazini."

"Kazini hakuna maji?"

"Maji yapo, mwanangu. Kuyanywa si kazi. Kazi ni kuyatoa."

Yule binti hakucheka. Alitueleza kwamba figo zimeharibika, kwamba presha nayo imechangia, na kwamba maambukizi yale ya kurudiarudia yamezimaliza. Sisemi kwamba mtu fulani alimwua. Nasema alichosema daktari, na nasema choo kilifungwa na nani.

Tena nitasema na lingine, maana nikimsema mwenyekiti nikamwacha wifi yangu nitakuwa mnafiki. Yeye alikuwa mwanachama. Mwenyekiti mwenyewe alimletea ufunguo wa kufuli lile, akauweka mezani kwake. Marehemu alimwuliza, "Na mama wa chai umempa?" Akajibiwa kwamba mama wa chai si mwanachama, hana duka, ana jiko tu. Marehemu akautundika ufunguo kwenye msumari ukutani, na hapo ukakaa. Nilimwambia, "Wifi, chukua, nenda kajisaidie, utakufa kwa ujeuri." Akaniambia, "Wifi, mimi nipite mbele yake na ufunguo mkononi, yeye amekaa na jiko lake anabana mapaja? Nitamwangaliaje nikirudi?" Nilimkasirikia. Hata leo nimemkasirikia. Wapo wanaonong'ona hapa kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nawasikia. Lakini mwiba ulikuwa na mwenyewe aliyeupanda.

Alifanya ziara nyingi ofisini kwa mwenyekiti kudai choo kifunguliwe. Alikaribishwa kila mara, akapewa kiti, akaulizwa, "Mama unakunywa nini?" Alilazwa mwezi wa tano, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Kitandani, maji aliyokuwa sasa anayatamani ndiyo daktari aliyompimia kidogo kidogo, kwa sababu figo hazikuweza tena kuyatoa. Miaka yote hiyo alikuwa na maji asiyanywe, na mwisho alikuwa na kiu asipewe. Mimi ndiye niliyekuwa namlowesha midomo kwa pamba. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 20 Juni 2023, shemeji akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali, kama bintiye amekumbuka kufagia.

Bintiye alikumbuka. Mlinzi hamruhusu kuingia uwanjani, kwa hiyo hufagia mbele ya geti.

Chama kimetoa rambirambi, na mwenyekiti ametuambia kwamba wamekubaliana kumuenzi marehemu kwa kuweka kibao cha marumaru kwenye geti lile, kiandikwe Uwanja wa Mama Turubai. Familia ilikaa, na mume wangu, ambaye huwa haongei, ndiye aliyeongea. Alisema mara moja katika maisha yake alinyamaza dada yake alipozibiwa njia, na hatanyamaza mara ya pili. Mwenyekiti, jibu la familia ni hili: kibao asante, hatukitaki. Tunataka geti liwe wazi na kufuli la choo litoke. Siyo la wanachama, siyo kwa kibali. Litoke, mlango ubaki wazi kama ulivyokuwa, na sisi tutaufagia.

Ufunguo aliopewa huu hapa mkononi mwangu. Haujawahi kuingia kwenye kufuli, angalieni unavyong'aa. Mwenyekiti, wewe ndiye jirani yake wa upande wa chini, na kwa desturi ya mtaa wetu mlango wake ulikuwa juu yako. Mlango wake wa leo ni kaburi hili hapa mbele yetu. Kabla hujashika udongo, pita kwangu uchukue ufunguo wako.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na wadogo wawili. Ameacha duka la mwisho mtaani, linaloendeshwa na binti yake. Ameacha mama wa chai, mwuza vocha, binti wa vipuri na wengine mnaowaona wamesimama pale nyuma kwenye jua, na kama mtatazama mikono yao mtaona chupa za Chama zimejaa mpaka shingoni. Sikuwaambia wasinywe. Wamezoea.

Dada zangu, hapa makaburini choo kipo, kule nyuma ya ofisi, nimekwenda kukikagua mwenyewe asubuhi. Kiko wazi. Fungueni chupa.

Na wewe wifi yangu, huko uendako hakuna kufuli. Kunywa maji. Kunywa mpaka ushibe, halafu upumzike kwa amani.